UZI: Kabla ya kuuliza "ana kosa?", uliza "nani anaruhusiwa kumhukumu?"

Katiba_Mfukoni (Kampemba)

Yambo yenu wote. Kule kwenye uzi wa majambazi wa usiku watu wamegombana mpaka msimamizi akaufunga. Mmoja anasema wapelekwe kwa wanajeshi, mwingine anasema prokireri (mwendesha mashitaka) awamalize yeye mwenyewe, wa tatu anasema mbio moja kwa moja Kasapa, gereza la Lubumbashi. Sikuona hata mmoja aliyeuliza sheria imempa nani kazi hiyo. Basi nafungua uzi wa swali hilo peke yake.

Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kupinga ajue pa kupiga. Katika kesi ya jinai, mamlaka ya mahakama yanaangaliwa kabla ya kosa lenyewe. Wengi wanadhani ni ujanja wa maavoka (wanasheria) wa kupoteza siku. Mimi naona ni ukuta ambao Katiba ya Kongo (DRC) ya 18 Februari 2006 imemjengea kila mtu, hata yule unayemchukia.

Artikle (ibara) ya 19 inasema hakuna mtu anayeweza kuondolewa, bila kutaka kwake, mbele ya mwamuzi ambaye sheria imempangia. Yaani mwamuzi wako anajulikana hata kabla hujashikwa. Hakuna mkubwa wa kuamka asubuhi na kukuchagulia anayemfaa yeye. Artikle ya 149 inakaza zaidi: ni marufuku kuunda mahakama za pekee, hata zikipewa jina zuri namna gani.

Kwa nini waliandika hivyo? Wazee wa Katanga hawahitaji kuelezwa. Évariste Kimba, mtu wa kwetu, aliyekuwa amewahi kuteuliwa Waziri Mkuu, alinyongwa hadharani tarehe 2 Juni 1966 pamoja na Bamba, Anany na Mahamba, baada ya kupitishwa mbele ya mahakama ya kijeshi iliyoundwa kwa ajili yao. Kesi ilikwisha haraka kuliko misa ya Jumapili. Halafu wakati wa Mzee Laurent-Désiré Kabila tukapata Cour d'Ordre Militaire, mahakama ya kijeshi iliyoanzishwa Agosti 1997. Ilihukumu askari na raia, na ukihukumiwa pale hukuwa na rufaa. Hata kesi ya kuuawa kwake yeye mwenyewe ilisikilizwa na mahakama hiyo hiyo, hukumu ikatoka Januari 2003. Ukisoma artikle za 19, 21, 149 na 156 huku una mambo hayo kichwani, unaona kila sentensi ina makaburi nyuma yake.

Sasa, unamjuaje mwamuzi wako? Angalia vitu vitatu: wewe ni nani, kosa lenyewe ni lipi, na limetendeka wapi. Mahali ni rahisi, nalimaliza hapa: mwamuzi wa pale kosa lilipotendeka, wa pale mshitakiwa anapokaa, au wa pale alipopatikana. Wote watatu wanaweza. Mtu aliyeiba Likasi akakamatwa Lubumbashi hawezi kulia kwamba ameonewa kwa kuhukumiwa hapa.

Kosa ndilo lenye kazi. Sheria ya 11 Aprili 2013 juu ya mahakama imeweka mpaka kwenye miaka mitano. Kosa ambalo adhabu yake ya juu haizidi miaka mitano ni la Mahakama ya Amani, ile tunayoiita Tripe. Kosa linalozidi hapo, mpaka la kifo, ni la TGI (Tribunal de Grande Instance), mahakama iliyo juu ya Tripe. Na hapa watu wanateleza sana: kinachohesabiwa ni adhabu ya juu iliyoandikwa katika sheria, wala si ile atakayopewa mtu mwishoni. Wizi wa kawaida mwisho wake ni miaka mitano, basi ni Tripe. Wizi wa kuvunja mlango unaweza kufika miaka kumi, basi ni TGI. Simu ile ile, mwizi yule yule. Kufuli iliyovunjwa ndiyo iliyobadilisha mahakama. Abi ya konfiansi (kula ulichokabidhiwa) na eskrokeri (utapeli) ni Tripe. Kubaka ni TGI, kwa kuwa sheria ya 20 Julai 2006 imeweka miaka mitano mpaka ishirini. Kuua ni TGI. Wizi wa silaha ni TGI pia, sababu adhabu yake ni kifo. Mtu akiwa na makosa mawili ya madaraja tofauti katika kesi moja, mahakama ya juu zaidi inayabeba yote.

Upande wa "wewe ni nani" nitauacha ujitokeze kwenye maswali yenu, maana najua yatakuja.

---

Mama_wa_Katuba

Miye sikusoma sheria, niko nauliza tu. Kuna mama mumoja wa likelemba yetu (tunachanga feza, kila mumoja na zamu yake), alikuwa anachunga feza. Zamu ya mwenzake ilifika, feza hakuna. Akakimbia. Polisi balikuja, balipomukosa balikamata dada yake mukubwa, bakamuweka mu kasho ya karibu na soko. Banasema atatoka siku mudogo wake atarudisha feza. Na banaomba "amande". Ile ni tribinali gani?

---

Katiba_Mfukoni

Mama, hapo hatujafika hata kwenye mlango wa tribinali yoyote. Yule dada amekamatwa bure.

Artikle ya 17: wajibu wa jinai ni wa mtu mwenyewe. Hakuna anayeweza kushitakiwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Imeandikwa waziwazi, haihitaji avoka kuitafsiri. Dada si rehani.

Pili, deni. Artikle ya 61 ina orodha ya mambo ambayo hata nchi ikiwa katika hali ya dharura hayaguswi, na mojawapo ni kutofungwa kwa ajili ya deni. Lakini tuwe waangalifu hapa, kwa sababu polisi si wajinga. Hawaandiki "deni", wanaandika "abi ya konfiansi". Na kweli, mtu aliyekabidhiwa feza za watu azichunge, akazila makusudi, anaweza kuwa na kosa hilo. Aliyekopa tu akashindwa kulipa, huyo ni wa kesi ya madai. Tofauti iko katika hali aliyopokea nayo feza na alichofanya nazo, na anayeamua ni mwamuzi wa Tripe. OPJ (polisi wa upelelezi) hana kazi hiyo. Yule mama wa likelemba akipatikana, aulizwe hayo. Dada yake hapana.

Tatu, muda. Artikle ya 18: gardavi (kuzuiliwa kwa polisi) haipiti saa 48. Mtu anaambiwa sababu ya kukamatwa kwake papo hapo au kabla ya saa 24 kwisha, katika lugha anayoielewa, na ana haki ya kuita jamaa yake au avoka mara moja. Saa 48 zikiisha, aachwe au apelekwe parke (ofisi ya prokireri). Magistra wa parke naye hana mkono mrefu kama watu wanavyofikiri. Manda yake ya muda (karatasi ya kumweka mtu ndani) ina siku tano, baada ya hapo lazima ampeleke aliyezuiwa mbele ya mwamuzi wa Tripe, ndani ya chumba cha faragha, aombe ruhusa. Mwamuzi akikubali ni siku 15, halafu mwezi mmoja mmoja. Kwa hiyo mtu aliyeko Kasapa bila karatasi ya mwamuzi hata moja, wa kwake waulize karatasi.

Amande: OPJ anaweza kupendekeza faini ili kesi ndogo isiende mbele, hilo lipo katika sheria, ila feza inaingia hazina ya serikali kwa risiti. Feza ya mfukoni mwa koti si amande. Na mtu asiye na kosa hata risiti haitakiwi.

---

Mama_wa_Katuba

Asante sana baba. Nitaenda na mutoto wangu mwenye kusoma, aonyeshe ile artikle mu telefone.

---

Toga_Nyeusi

Mama, mwende na avoka au hata mtu wa shirika la haki za binadamu. Mtoto mwenye simu atajibiwa "wewe ndio unafundisha polisi kazi?" Artikle ni ile ile, lakini anayeisoma anabadilisha masikio ya anayesikiliza. Kama hamna feza ya avoka, barreau (chama cha maavoka) ina ofisi ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Ulizeni pale mahakamani.

---

Kasumbalesa_Transit

Mimi nitasema ukweli ambao hamtaki. Jambazi anaingia nyumbani na AK, anabaka, anaua, halafu mnamletea hadithi ya Tripe na TGI? Peleka kwa auditorat militaire, parke ya wanajeshi. Kule hawachezi. Raia au si raia, aliyebeba silaha ya vita amejifanya askari, ahukumiwe na askari.

---

Creuseur_243

👆👆 Huyu aongezewe kiti.

---

Toga_Nyeusi

Ngoja nimjibu Kasumbalesa kwa heshima, kwa sababu anachosema si upuuzi. Hapa Lubumbashi raia wenye silaha wamepelekwa mbele ya waamuzi wa kijeshi mara nyingi, na chanzo chake ni Kodi (kitabu cha sheria) ya mahakama za kijeshi ya 18 Novemba 2002, ambayo iliacha mlango kwa raia katika hali fulani, silaha za vita zikiwemo.

Lakini angalia tarehe. Kodi ni ya 2002, Katiba ni ya 2006. Artikle ya 156 ya Katiba inasema mahakama za kijeshi zinahukumu makosa ya watu wa jeshi na wa polisi ya taifa. Imetaja watu, haikutaja silaha. Katiba ni mama wa sheria zote, sheria iliyokuja kabla yake ikipingana nayo haina miguu. Mimi naamini raia mwenye AK ni mtu wa TGI, na adhabu ya wizi wa silaha mbele ya TGI ni kifo kwa karatasi, basi msidhani TGI ni mahali pa kubembelezana.

Kuna wenzangu wa toga wanaosema kodi bado inasimama. Nawaheshimu, hawajanishawishi.

Kitu kimoja zaidi. Hata kodi yenyewe ya 2002, raia na askari wakitenda kosa pamoja, kwa kawaida inawapeleka wote mbele ya mahakama ya kiraia, isipokuwa wakati wa vita, eneo la mapigano, hali ya dharura na mambo kama hayo. Watu wanafanya kinyume: askari mmoja akiwa ndani, raia wote wanaburutwa auditorat.

---

Mshi_wa_Bukavu

Niruhusuni mtu wa Kivu niseme. Kavumu. Watoto wadogo wa kike walikuwa wanatolewa vitandani usiku, wanabakwa, tangu 2013. Aliyekuwa nyuma yake ni mbunge wa jimbo, na kundi lake likijiita Jeshi la Yesu. Kesi ilikaa miaka bila kusonga. Nani aliwahukumu? Mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini, ilikuja kukaa pale pale Kavumu, na Desemba 2017 ikampa yule mbunge na wenzake kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Haute Cour militaire, mahakama ya kijeshi ya juu kabisa, ikathibitisha mwaka uliofuata. Sasa ningemwambia mama wa Kavumu kwamba mlango haukuwa wenyewe?

---

Kasumbalesa_Transit

Nimeshinda. Nafunga duka.

---

Katiba_Mfukoni

Usifunge bado.

Mshi, Kavumu ni hoja nzito kuliko zote zilizoletwa hapa, na sitaipita kwa pembeni. Angalia lakini ilivyokaa. Sheria ya 2013 iliipa Mahakama ya Rufaa kazi ya kuhukumu mauaji ya kimbari, uhalifu wa vita na uhalifu dhidi ya ubinadamu kwa raia. Mbunge wa jimbo, kwa cheo chake pekee, naye ni mtu wa Mahakama ya Rufaa. Kwa karatasi, mwamuzi alikuwepo tangu mwanzo, mara mbili. Maavoka wa utetezi walilisema jambo la mamlaka, waamuzi wa kijeshi wakalikataa wakishikilia kwamba hilo lilikuwa kundi lenye silaha.

Nini kilikosekana upande wa kiraia? Mazoea, usafiri, waamuzi waliofundishwa kusikiliza mtoto, na watu wa kusukuma. Upande wa kijeshi ulikuwa umeshahukumu kesi kubwa za namna hiyo: Fizi 2011, Minova 2014. Kule walihukumiwa askari, ambao ni watu wake halali. Ule uzoefu ukahamia kwa raia.

Mimi nafurahi kwamba wale watoto walisikilizwa. Lakini kusema "ilifaa Kavumu, basi ifae kila mahali" ni kumpa auditeri (prokireri wa kijeshi) ufunguo wa nyumba yako pia. Leo ni jambazi na mbakaji. Kesho ni mwanahabari aliyeandika juu ya kanali, na ataambiwa makala yake yamelivunja moyo jeshi. Ndipo utakapotafuta artikle ya 156 uikute imezoeleka kurukwa. Nguvu ile iliyofanya kazi Kavumu ipelekwe Mahakama ya Rufaa: iende ikae vijijini, ipewe ulinzi wa mashahidi, feza za safari. Hilo linawezekana bila kumwondolea mtu mwamuzi wake.

---

Mshi_wa_Bukavu

Sawa, lakini miaka yote watu wanasubiri hiyo "ipewe". Mimi bado naona waliokuwa na njaa walilishwa na aliyekuwa na chakula.

---

Toga_Nyeusi

Na kwa Goma na Ituri jambo lilikuwa tofauti kabisa, msilichanganye. Hali ya kuzingirwa ilitangazwa tarehe 3 Mei 2021 kwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, ikaanza kazi tarehe 6. Kule raia walikwenda kwa waamuzi wa kijeshi kwa mujibu wa artikle ya 156 yenyewe: hali ya dharura au ya kuzingirwa ikitangazwa, Rais, baada ya kikao cha mawaziri, anaweza kusimamisha kazi ya jinai ya mahakama za kiraia na kuipa ile ya kijeshi, kwa muda na kwa makosa anayoyataja. Mahakama ya Katiba ilisema tangazo linakubaliana na Katiba. Unaweza kulichukia, lakini lina msingi wake. Haki ya rufaa haisimamishwi hata hapo. Haut-Katanga hakuna tangazo la namna hiyo, basi anayewapeleka raia wetu kwa wanajeshi asijifunike na blanketi la Goma.

---

Mwanafunzi_wa_G2

Nina swali la wakubwa. Matata Ponyo, aliyekuwa Waziri Mkuu. Mara mahakama haina mamlaka, mara inayo. Tulifundishwa kwamba uamuzi wa Mahakama ya Katiba hauna rufaa. Sasa ilijirufaa yenyewe?

---

Toga_Nyeusi

Hahaha. Kaa chini, hili ni refu.

Artikle ya 163: Mahakama ya Katiba ndiyo mwamuzi wa jinai wa Rais wa Jamhuri na wa Waziri Mkuu. Artikle ya 164 inataja makosa: uhaini mkubwa, kudharau Bunge, kuvunja heshima na uadilifu, na makosa ya kawaida waliyoyatenda wakiwa kazini au kwa sababu ya kazi. Kuwashitaki kunahitaji theluthi mbili za wabunge na maseneta wakikaa pamoja.

Matata alikuwa Waziri Mkuu tangu 2012 mpaka 2016. Kesi ni ya Bukanga-Lonzo, ule mradi wa kilimo uliomeza mamilioni ya dola na mahindi hatukuyaona sokoni. Anashitakiwa, yeye ni seneta, si Waziri Mkuu tena. Tarehe 15 Novemba 2021 Mahakama ya Katiba inasema: mimi ni mwamuzi wa Waziri Mkuu aliyeko kazini, huyu amekwisha kutoka, sina mamlaka. Parke ikamfuata kwenye Mahakama ya Kasasyo (Cour de cassation, ya juu kabisa kwa kesi za kawaida), kwa kuwa artikle ya 153 inaipa Kasasyo wabunge na maseneta. Utetezi ukauliza: mbona makosa yanayosemwa ni ya wakati wa uwaziri mkuu? Kasasyo ikalipeleka swali Mahakama ya Katiba, na tarehe 18 Novemba 2022 ikajibu kinyume cha mwaka uliopita: mamlaka ninayo, kwa sababu matendo yalitendwa akiwa kazini. Kesi ikarudi, na tarehe 20 Mei 2025 akahukumiwa miaka kumi ya kazi ngumu. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mbunge.

Kwa hiyo mtu mmoja, kofia tatu. Swali zima lilikuwa kofia ipi inahesabiwa: ya siku ya tendo au ya siku ya kesi? Katiba haikulijibu kwa maneno ya wazi. Ndiyo maana waamuzi walipata nafasi ya kusema hivi na kurudi kusema vile. Mimi naona jibu la 2022 ndilo lenye akili zaidi, kwa sababu la 2021 lingefanya kustaafu kuwe dawa ya kila ubadhirifu. Lakini kubadilisha neno ndani ya mwaka mmoja, katika kesi ile ile, kwa mtu yule yule, kumeacha harufu.

Na tafadhali, mwaka 2021 wafuasi walicheza ngoma kana kwamba amefutiwa kosa. Mahakama ikisema sina mamlaka, haijasema lolote juu ya kosa. Imesema tu "mlango si huu".

---

Mwanafunzi_wa_G2

Na Kamerhe, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais, je? Mbona yeye alianzia TGI ya Gombe, mwaka 2020, na alikuwa mkubwa kuliko mawaziri wengi?

---

Katiba_Mfukoni

Kwa sababu ukubwa wa mtaani si ukubwa wa artikle ya 153. Ile orodha inataja wabunge, maseneta, mawaziri, waamuzi wa ngazi za juu, magavana na makamu wao, mawaziri wa jimbo, wenyeviti wa mabunge ya majimbo. Mkurugenzi wa ofisi ya Rais hayumo. Basi akaanza chini kama mimi na wewe, kesi ikasikilizwa gerezani Makala, akapata miaka ishirini.

Ila tazama alichopata kwa kuanzia chini: ngazi za rufaa. Rufaa ikapunguza mpaka miaka kumi na tatu, Kasasyo ikaivunja hukumu, na 2022 akatoka bila kosa. Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, alianzia juu Kasasyo, Septemba 2025 akapewa miaka mitatu ya kazi ngumu, na pale ndipo mwanzo na mwisho. Hakuna pa kukata rufaa. Watu wanaita hiyo "priviliji" (upendeleo). Priviliji gani inayokunyima rufaa, wakati artikle ya 21 inampa kila mtu rufaa na artikle ya 61 inasema rufaa haiguswi hata katika hali ya dharura? Hapo Katiba inajipiga teke yenyewe, na sijasoma maelezo yaliyonituliza.

---

Creuseur_243

Na Raïs wetu wa zamani je? Joseph Kabila. Haute Cour militaire, hukumu ya kifo 30 Septemba 2025, hayupo hata ukumbini. Yeye ni askari?? Semeni basi maavoka, mbona mnaogopa 😏

---

Msimamizi

Creuseur, swali la mamlaka linaruhusiwa. Majina ya kuita viongozi uliyoandika hapo chini nimeyafuta. Mwenye kujibu ajibu sheria.

---

Toga_Nyeusi

Sheria tu. Seneti ilimwondolea kinga tarehe 22 Mei 2025, kwa sababu rais wa zamani ni seneta wa maisha. Kwa kawaida seneta ni mtu wa Kasasyo. Auditeri mkuu alijenga kesi juu ya makosa ya kijeshi na ya vita, uhaini na kushirikiana na wenye silaha, na mahakama ikakubali kwamba mlango wa kijeshi unafaa. Ubishi wa kisheria uko palepale nilipomwambia Kasumbalesa: artikle ya 156 inahesabu mtu, au inahesabu kosa? Aliyemuunga mkono mwenye kusema "aliyebeba silaha ahukumiwe na askari" ndiye huyo huyo anayelia leo. Nendeni mkasome majibu ya juu.

---

Kasumbalesa_Transit

Eh. Hiyo imeniingia.

Lakini sijakubali. Nina flagranti. Mtu akikamatwa na damu mikononi, mambo ya kofia na milango yanaisha, ahukumiwe siku hiyo hiyo.

---

Mama_Kipushi

Kabla ya hiyo ya flagranti naomba mnijibu: kijana wa jirani, miaka kumi na tano, amekamatwa na nyaya za umeme. Yuko ndani na watu wazima. Na mwingine, polisi alimvunja mkono mdogo wangu barikadi. Nilienda parke, wakaniambia si kwao. Ni kweli au wananizungusha?

---

Katiba_Mfukoni

Ya polisi ni kweli, hawakuzungushi. Polisi ya taifa iko chini ya artikle ya 156 pamoja na jeshi. Malalamiko yako peleka auditorat militaire, kwa maandishi, na karatasi ya daktari, siku, saa, mahali, na namba ya sare kama kuna aliyeiona. Cheo kinapanga mahakama: chini ya meja ni mahakama ya garnizon, meja na kuendelea ni Cour militaire, majenerali ni Haute Cour. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa mapokezi.

Kijana: huyo hana kazi na Tripe wala TGI. Sheria ya 10 Januari 2009 inampeleka Mahakama ya Watoto, na kuwekwa pamoja na wakubwa ni kosa la wao walioko kazini. Chini ya miaka kumi na minne hawezi hata kuhesabiwa kuwa na wajibu wa jinai. Tafuteni cheti cha kuzaliwa leo hii, au kadi ya chanjo, au karatasi ya shule. Bila karatasi ya umri watamwandika miaka kumi na tisa na mtahangaika.

---

Toga_Nyeusi

Kasumbalesa, ya flagranti. Sheria yake ni ya 24 Februari 1978, na inabadilisha mwendo wa kesi: mtu anafikishwa mbele ya mwamuzi haraka, kesi inasikilizwa bila kungoja miezi. Mwamuzi habadiliki. Aliyekamatwa na kuku wa jirani anakwenda Tripe mbio, aliyekamatwa na damu anakwenda TGI mbio, askari anakwenda garnizon mbio. Avoka anabaki haki yake, rufaa inabaki haki yake. Na umati uliomkamata ukimtia tairi shingoni, flagranti inayofuata ni ya kwao, na hiyo ni kuua, TGI.